Biblia ya Union Version mkononi mwa mwenye hofu: tuijaribu kwa Zaburi 91

Kwa usomaji wa polepole, ule wa kutafuta maficho ndani ya neno lenyewe, Union Version ya mwaka 1952 bado haina mpinzani. Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya lugha nyepesi, inaeleweka haraka, na kwa kazi hii hiyo ndiyo kasoro yake: mwenye hofu anahitaji maneno ya kumpunguzia mwendo.

Tazama mstari wa 1: "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu atakaa katika uvuli wa Mwenyezi." Kuketi kunatangulia ulinzi. Na hapo "mahali pa siri", wasomaji wa kimafumbo hupaona kuwa chumba cha ndani ya moyo, ambamo Mungu ametangulia kuwamo kabla hofu haijabisha hodi.

Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi (shirika la watawa waishio upwekeni) wa karne ya 12, aliupanga usomaji huu kama ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia mbele za Mungu. Tenga dakika 20 na mistari miwili, basi. Soma kwa sauti mara tatu. Neno litakalokugusa, lirudie taratibu kwa kila pumzi. Kisha mtajie Mungu hofu yako kwa jina lake: deni, ugonjwa, kesi. Dakika tano za mwisho, nyamaza.

Wengi hukosea kwa kuanza na ukimya. Moyo ukiwa unadunda, ukimya huipa hofu uwanja. Endelea kusoma kwa sauti mpaka pumzi itulie. Kosa zito zaidi ni kuigeuza zaburi kuwa hirizi. Mistari ya 11 na 12 ndiyo Ibilisi aliyomnukulia Yesu katika Mathayo 4:6, ajitupe chini kutoka hekaluni. Ahadi yenyewe imo katika mstari wa 15, Mungu akisema kwa kinywa chake: "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Taabuni, humohumo ndani. Kiambishi hicho kidogo, -ni, kinatosha kutafakariwa usiku mzima.

Kasoro zipo. Nakala nyingi ndogo zina safu mbili na herufi za kuumiza macho, ushairi unakatwa katikati. Afadhali uinakili mistari yako miwili kwa mkono kwenye karatasi. "Kigao" cha mstari wa 4 kitawakwaza wengi: ni kinga, kama ngao. Lijue mapema, usije ukafungua kamusi katikati ya sala. Na ukisomea kwenye simu, zima data kwanza.