Fondanti isiyotoka jasho: ninayonunua na ninayoikimbia

Machi, Dar, keki ya sendofu ya ghorofa tatu, imevikwa fondanti, ile sukari laini ya kukandwa inayofunika keki na kufinyangwa maua. Nimeitoa kwenye friji saa nane mchana, gari halina AC. Kufika ukumbini, waridi jekundu la juu linalia, rangi imechuruzika hadi ghorofa ya pili. Mama wa bibi harusi aliniangalia tu, kimya. Afadhali angenitukana.

Fondanti yenyewe nilipimiwa kwenye mfuko wa nailoni, hauna jina wala tarehe, muuzaji anaapa, "Orijino hiyo, dada."

Mnaniuliza utamu na weupe. Jamani, nusu ya wageni huibandua na kuiacha pembeni ya sahani! Wa pwani ulizeni jasho. Sukari huvuta unyevu wa hewani, na glisirini inayotiwa isikauke nayo huvuta. Ikitoka kwenye ubaridi, inaloa kama glasi ya maji ya barafu.

Namba moja, na upendeleo siufichi: Massa Ticino Tropic ya Carma, Uswisi. Imetengenezwa kwa ajili ya nchi za joto na unyevu. Nililaza kipande dirishani usiku kucha. Asubuhi nikakibonyeza, kidole kikatoka kikavu. Kuipata ndiyo kazi. Mwenye ndugu anayerudi kutoka Dubai amwagize mapema.

Ya pili Renshaw ya Uingereza. Laini, inasukumika vizuri. Wa Arusha na Iringa msihangaike zaidi. Huku kwetu, kwa maua, naikandia CMC, ule unga wa kukazia, kijiko cha chai kwa nusu kilo.

Satin Ice ya Marekani ni ya tatu. Ifunike muda wote. Nyekundu na nyeusi chukua zilizotiwa rangi kiwandani, maana ukikandia rangi ya maji umejiongezea jasho mwenyewe.

Fondanti ya kuyeyusha mashimelo, zile peremende laini za kubonyea, nyumbani? Bethidei ya mtoto, sawa. Uliza tu gelatini ni ya mnyama gani.

Sasa hawa wauzaji wa kupima, kama yule wangu. Wanafungua ndoo, wanagawa robo robo, wanafunga fundo, wanaanika juani mlangoni. "Kilo" yangu kwenye mizani ya nyumbani ilisoma gramu 860. Na ukijumlisha robo nne, umelipa zaidi kuliko pakiti iliyofungwa!

Niliirudisha iliyobaki. Muuzaji akacheka: "Kwani dada, kwenye friji uliiweka ya nini?" Kinachoniuma, hapo alisema kweli. Hela hakurudisha.