"Lakini si mlango unaonekana?" Uzoefu wangu na duka moja la kuchapa picha

Nilipeleka picha zangu za milango ya Mji Mkongwe kwenye duka moja la kuchapa hapa Dar, nizitie fremu nitundike sebuleni. Nimerudishiwa milango isiyo na vichwa wala miguu.

Kazi yenyewe, tusidhulumiane, ni safi. Weusi umekolea, misumari ya shaba unaihesabu mmoja mmoja, na mbao ni mbao kweli, si ile rangi ya chungwa ya maduka mengine. Bei ya kawaida. Nilikuwa tayari kumwaga sifa mpaka nilipotazama chini ya mwimo.

Samaki hayupo!

Wanaoijua milango hii washanielewa. Samaki huchongwa chini kabisa, juu yake mawimbi, mnyororo unapanda na miimo mpaka kwenye kizingiti cha juu, na huko baadhi ya milango ina maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria. Ndiyo maana mtu unadamka kabla pikipiki hazijaanza kupita. Unabana mgongo kwenye ukuta wa nyumba ya pili, kwa sababu kichochoro hakina pa kurudi nyuma, na kamera unaishika wima kabisa, maana ukiinyanyua kidogo tu miimo inaegemeana kama walevi. Nafasi niliyoacha juu na chini niliiacha kwa makusudi.

Sasa, picha ya kamera yangu ikiwa na upana wa inchi 8 inataka urefu wa inchi 12. Karatasi yao ni 8 kwa 10. Kijana akazifyeka inchi 2, moja juu, moja chini, bila hata kunipigia simu, na namba yangu iko juu ya bahasha! Mwaka wa Hijria ukaenda na inchi ya juu, samaki na ya chini.

Nikarudi dukani.

"Kaka, nisingekata ingebaki nyeupe pembeni, ungelalamika."

"Hiyo nyeupe ndiyo niliyoitaka."

Akaiinua picha kwenye taa, akaitazama kwa mapenzi kabisa. "Lakini si mlango unaonekana?"

Nilikuwa nimepanga kumpa nyota 3. Zikashuka hadi 1 hapo hapo. Kisha nikachomoa ile ya Beit el-Ajaib, niliyoipiga kutoka Forodhani enzi hizo, kabla sehemu yake ya mbele haijaporomoka Desemba 2020. Jengo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lililobaki limesimama hata baada ya mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Mnara wa saa niliuingiza wote mpaka nchani. Ncha haipo. Mnara ulishaanguka, yeye kauangusha tena. Futa hiyo nyota 1.

Ndiyo, faili ninazo. Na alikubali kuchapa upya, kwa nusu bei. Nusu bei ya kosa lake mwenyewe! Niliondoka bila kuaga.

Juzi kanitumia ujumbe: kuna ofa ya kuchapa kwenye kanvasi. Kanvasi, ambayo kingo zake hukunjiwa nyuma ya fremu! Nikamuuliza kwa hasira, na samaki je, naye atakunjwa?

"Huyo tutamwacha mbele, kaka."

Nimemuuliza bei.