Maabara ya mimea ya Texas A&M: pesa iliyokwenda mahali pake

Wenzangu wa Dallas na Fort Worth mnaopenda mawaridi, hii ni kwa ajili yenu. Nimetumia huduma ya maabara ya magonjwa ya mimea ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, ile iliyoko College Station, na naisifu kwa moyo mmoja.

Kichaka changu kilichoko kando ya gereji kilitoa chipukizi jekundu la ajabu. Wekundu peke yake si hoja, kwani majani machanga ya mawaridi mengi huanza mekundu kisha yakageuka kijani. Haya hayakugeuka. Shina lake lilikuwa nene kuliko tawi lililolizaa, na miiba imejaa mpaka hupati pa kuweka kidole, tena miiba laini inayopinda ukiigusa. Kule juu vitawi vimesongamana kama fagio la chelewa, tumba zimekunjamana na hazifunguki.

Kijana anayetukatia nyasi alishikilia kwamba ni dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo. Si neno la kupuuza, maana dawa hiyo nayo huyafanya majani yawe membamba na kusongamana. Ila haizidishi miiba namna ile. Hapo ndipo kipimo kinapostahili gharama yake: watu wawili wanatazama tawi moja na kila mmoja ana lake.

Utaratibu hauna usumbufu. Unajaza fomu, unakata tawi lenye dalili, unalifunga kwenye karatasi kavu (usililoweshe, litaoza njiani), unalitia kwenye mfuko wa plastiki na kulituma mwanzoni mwa wiki ili lisilale posta Jumamosi na Jumapili. Wao hupima kwa PCR, njia tuliyoizoea wakati wa korona. Majibu yangu yalikuja kwa barua pepe: virusi vya rose rosette vimo, ugonjwa wa mawaridi unaoleta miiba na mifagio kama ile.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo; kichaka kikishaupata ni kung'oa tu. Ugonjwa wenyewe ulionekana Manitoba, Kanada, mwaka 1940, lakini virusi vyake vilitambuliwa 2011. Mbebaji ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Hauna mabawa, unachukuliwa na upepo. Kwa hiyo kung'oa kwako peke yako hakutoshi kama jirani ana kichaka kigonjwa. Hapa ndipo yale majibu ya maandishi yaliponifaa zaidi. Nilimpelekea jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ua wake wote (uzio wa vichaka) ni Knock Out, aina ya waridi iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 na sasa imejaa kwenye kila maegesho ya magari mjini. Inastahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani vizuri sana, lakini kwa rosette haina kinga. Mama yule alisoma, akavaa glavu, tukaukagua ua pamoja na kukuta vichaka vya mwisho vina mifagio ileile. Alivitoa bila ubishi.

Mjue tu kwamba jibu ni la tawi ulilotuma. Kichaka kilicho pembeni yake kinaweza kuwa kimeshaambukizwa na hakijaonyesha kitu, basi endeleeni kukagua kila wiki. Na miiba ikiwa imezidi waziwazi, msisubiri posta. Funikeni kichaka kwa mfuko kwanza ndipo mkate, maana mkikitikisa mnaumwaga utitiri juu ya vingine. Ng'oeni na mizizi, fungeni, tupeni pamoja na taka, kisiende kwenye mboji. Mashine ya kupuliza majani isipite karibu kabisa. Virusi havidumu kwenye udongo, lakini mzizi uliosahauliwa ukichipua, chipukizi hilo linatoka likiwa gonjwa. Vichaka visivyo na ugonjwa vipogoleni sana mwishoni mwa baridi, kwetu huku ni katikati ya Februari, kwa sababu utitiri hujificha kwenye macho ya matawi.

Fomu iko kwenye tovuti ya maabara pamoja na bei. Ambatanisheni na picha ya kichaka kizima, si ya tawi tu.