Poncho ya mvua kama paa la kambi: uzoefu wangu Usambara

Ninayoisifu hapa ni poncho ya aina ya kijeshi: nailoni pana kama shuka, kofia katikati, vitundu vyenye pete za chuma kwenye kingo na vifungo vya kubana ubavuni. Ukiitandaza inafika karibu mita 2.2 kwa 1.6. Zile za plastiki nyembamba zinazouzwa barabarani mvua ikianza, usizitegemee kambini. Hazina pa kupitisha kamba, na upepo wa mlimani huzichana.

Yangu huwa naibeba nikitembea kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba. Njiani inanifunika mimi pamoja na begi la mgongoni, na hapo inalishinda koti lolote la mvua. Jioni naivua, inakuwa paa.

Kazi kubwa iko kwenye kofia. Ikaze kwa uzi wake, isokote, ifunge kwa kamba, kisha ining'inize kwenye tawi lililo juu yake. Ukiiacha imelala, maji yatatuama hapo na kukudondokea usiku kucha. Upande unaopigwa na upepo ushushe hadi chini na kuupigilia vigingi, ule mwingine uinue kwa kamba hadi kwenye miti. Halafu funga kipande cha uzi kwenye kila kamba, karibu na poncho, kining'inie. Maji yanayoteremka kutoka mtini yatafuata uzi huo na kudondoka nje badala ya kuingia ulipolala.

Chini ya poncho moja analala mtu mmoja, tena akijikunja kidogo. Na ikishakuwa paa, huna tena cha kuvaa ukitaka kutoka usiku mvua ikinyesha. Kwa hiyo napenda zaidi kusafiri na mwenzangu mwenye poncho ya aina hiyohiyo: tunaziunganisha kwa vile vifungo, tunapata paa la watu wawili na mizigo yao.

Usijifunike nayo kama blanketi. Nailoni ile haipitishi hewa, utaamka umelowa jasho lako mwenyewe, na baridi ya Juni na Julai kule haina huruma. Beba begi la kulalia na chandarua. Moto pia uwe mbali, cheche moja inatosha kuitoboa.

Dukani, kabla hujalipa, vuta kwa nguvu zile pete za pembeni na ukague mshono wa kofia ndani na nje. Hapo ndipo maji huanza kupita.