Jiokeshingi Lubumbashi: mlinzi alichoma kopo letu mbele ya watoto

Naandika bado nina hasira, ingawa tukio lenyewe lina miezi sasa. Anayefikiria kuwaanzishia watoto wake jiokeshingi hapa Lubumbashi asome hadi mwisho kabla hajaweka chochote kwenye simu. Yale maelekezo mazuri ya mchezo yameandikwa na watu ambao hawajawahi kuitwa walozi mbele ya watoto wao.

Kwa asiyeujua: mtu anaficha kopo, anaonyesha kwenye ramani lilipo, wengine wanalitafuta kwa GPS. Wakilipata wanaandika majina yao kwenye daftari iliyomo, wanalirudisha palepale. Ukitoa kitu unaweka kingine cha thamani hiyohiyo. Basi. Nyumbani tunauita mchezo wa makopo. Shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji ndiye aliyetuletea, na kitinda mimba wangu aliushika kama dini kwa sababu ya hadithi moja aliyosimuliwa: Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kesho yake tu bwana mmoja, Dave Ulmer, akaenda kuficha ndoo huko Oregon. Ndani ya ndoo, pamoja na mengine, mlikuwa na kopo la maharagwe. Maharagwe! Mtoto alicheka hadi akakaa chini. Siku hizi chakula kimekatazwa kwa sababu wanyama wanakifuata, na hilo limemuuma sana.

Tulipofungua ramani tuliona makopo ya kuhesabu kwa vidole. Tukaamua kuficha la kwetu. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, watoto wakalipaka rangi ya kijani kwa mikono yao, wakalifunga plastiki mara mbili kwa ajili ya mvua. Mwenye kiwanja alitupa ruhusa kwa mdomo wake, tukaliingiza katikati ya mizizi ya jakaranda, karibu na kichuguu kirefu kuliko nyumba. Simu inakufikisha mita chache tu kutoka hapo, chini ya miti inayumba hata zaidi. Iliyobaki ni kazi ya macho, na macho ya watoto yanashinda ya kwangu kila mara.

Na watu walikuja! Familia moja kutoka Kitwe, Zambia, iliacha kibati kidogo chenye namba. Vibati hivyo vinasafiri kopo hadi kopo, na kila anayekibeba anaandika kwenye programu amekitoa wapi, amekiacha wapi. Wanangu walikaa jioni nzima wakifuata safari yake kwenye ramani. Kifungua mimba, ambaye jiografia ilikuwa inamshinda, alinitajia miji ambayo mimi mwenyewe siijui.

Sasa njooni kwenye Jumapili yenyewe. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, jakaranda zimeanza kutoa maua. Tumetoka misa, watoto wote watatu wako na nguo za kanisani, tukapitia kuangalia kopo. Tulikuta mlinzi mpya. Alikuwa ameshalitoa na kulimwaga juu ya gunia: shanga, vizibo, jiwe la malakiti, kile kibati, kibanio cha nywele cha binti yangu, daftari. Niambieni, mtu wa hapa akikuta kibanio cha nywele za mtoto na karatasi ya majina ya watu asiowajua, vimefungwa plastiki chini ya mti, atafikiri nini? Leo ninaelewa. Siku ile sikuelewa hata kidogo.

«Mama, unaingiza batoto mu bintu ya bulozi?»

Nilimsalimia kwanza. Nilimwita papa. Nikamwonyesha ramani kwenye simu, na hapo nikaharibu kabisa, maana sasa tukawa walozi wanaopiga picha viwanja vya watu. Mume wangu akampigia mwenye kiwanja. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Majirani wameshaanza kusimama njiani. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kwa mkono akamwondoa karibu na wa kwangu. Hilo sijalisahau, na sidhani nitalisahau.

Kisha yule bwana akatoa kiberiti. Hakuharakisha. Aliirudisha daftari ndani ya kopo pamoja na vile vitu vingine, akaweka majani makavu juu, akawasha. Kwenye ukurasa mmoja watoto wa Kitwe walikuwa wamechora samaki; niliuona ukijikunja kutoka pembeni, samaki akawa kahawia, akawa mweusi. Kitinda mimba akanishika kitenge: «Mama, anaunguza majina ya batu.» Sikuwa na la kumjibu. Mtu mzima anayeweza kutazama mtoto analia hivyo na kuendelea kuchochea moto kwa kijiti! Na baada ya hayo yote akadai pesa ya fanta ndipo atufungulie njia. Tulitoa. Ndiyo, tulitoa.

Kwa hiyo nyota moja kwa mchezo huu. Ndivyo nilivyoandika wiki ile, nikaacha, sikutuma.

Maana nilipotulia niliona kwamba mlinzi ni nusu ya kesi. Nusu nyingine ni maelekezo yenyewe. Yanakwambia subiri watu wapite, usionekane, ficha siri ya kopo kwa wasiocheza. Huko yalikotoka, mtu akiinama chini ya kichaka labda hakuna anayejali. Huku kwetu kadiri unavyojificha ndivyo unavyotafutwa. Sheria inataka ruhusa ya mwenye ardhi, na tulikuwa nayo. Lakini mwenye ardhi analala kwake! Wanaokaa na kopo mchana kutwa ni mlinzi, muuza makala ya kupikia, manseba wa pikipiki wanaosubiri abiria kwenye kona. Hao ndio wa kuombwa kwanza, na hakuna mahali popote palipoandikwa hivyo.

La pili tumeliweka kwenye uzio wa shangazi, Katuba. Kabla ya kulifunga, watoto walilifungua barabarani, kila kitu kikaonekana, kila aliyetaka akashika. Jina la kwanza kwenye daftari ni la mama anayeuza makala hapo mbele. Aliandika polepole, akaomba penseli tena akaongeza majina ya wajukuu. Tangu hapo mgeni akifika na simu mkononi, mtaa mzima unajua amefuata nini. Watoto wanampigia kelele «Rudi nyuma! Apana uko!» Shemeji anasema huo si mchezo tena, siri imekufa. Labda. Lakini kopo linakaa, halijaibwa, halijachomwa, na mvua ya kwanza ilipoanza nilikuta mtu ameshaliongezea plastiki ya tatu.

La tatu liko njiani. Lazima liwe mita 161 angalau kutoka la pili, ndiyo sheria, na kifungua mimba amepima kwa hatua zake mara nne, akikosana na mdogo wake kila mara.

Nyota? Niliweka nne. Nikakumbuka kiberiti, nikarudisha tatu. Kisha nikamwona mume wangu amechuchumaa uani na kile kibati, maana kesho yake asubuhi alikuwa amerudi peke yake kulichambua jivu, bila kuniambia. Alikisugua kwa limau na mchanga mpaka namba ikasomeka. Wekeni nne.

Mgeni mmoja alikibeba kutoka kwenye uzio wa shangazi. Mara ya mwisho kilionekana kimeshapita Kasumbalesa, kiko upande wa Zambia, na kila asubuhi kitinda mimba hajanawa hata uso, ananiomba simu aangalie kama kimetembea.