Filta, snokeli au koni: kwenye intake ya pickup ya dizeli hela yako iende wapi kwanza

Mtu mwenye Hilux, mwenye Land Cruiser 79, mpaka mwenye Canter ya kubeba mchanga, wote wanauliza kitu kimoja, nikibadilisha mfumo wa kuvuta hewa, yaani intake, gari itapata nguvu? Nikujibu mapema ili usipoteze muda: kama pampu ya mafuta haijaguswa na kompyuta ya gari ni ile ile ya kiwandani, nguvu ya kuisikia mguuni hupati. Ila kuna hela ukiiweka kwenye intake injini itakukalia miaka mingi zaidi, na hizi ni habari mbili tofauti kabisa ambazo dukani zinachanganywa kila siku.

Sababu iko kwenye dizeli yenyewe. Injini ya petroli ukikanyaga mafuta unafungua mlango wa hewa, hewa ndiyo inayoamua. Dizeli kwa kawaida inavuta hewa muda wote kadri inavyoweza, ukikanyaga unachoongeza ni dizeli inayopulizwa na nozeli. Kiwandani wameshapima ili hewa ibaki ya ziada, sasa wewe ukimletea hewa zaidi ya hiyo bila kuongeza mafuta, haina kazi ya kufanya, inaingia na inatoka. Dizeli iliyokosa hewa inajionyesha yenyewe kwa moshi mweusi, na hata huo moshi kama filta ni safi basi anza na nozeli, hosi za tabo (kile kinachosukumia injini hewa kwa nguvu) na intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) kama inavuja, usikimbilie kununua bomba la kung'aa.

Tuchukue 1HZ, ile injini ya silinda sita isiyo na tabo iliyojaa kwenye Land Cruiser za utalii Arusha na kwenye magari ya miradi kila kona. Ina ukubwa wa cc 4,164, na kila mizunguko miwili ya injini inavuta ujazo wake wote mara moja, kwahiyo ukiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika kinadharia inameza lita 4,164 za hewa kila dakika inayopita. Hapo bado unatembea taratibu tu. Sasa fikiria hewa hiyo ni ya barabara ya kutoka Ngorongoro kushuka kwenda Naabi, mbele yako kuna gari tatu zimeongozana, vumbi lenyewe ni jivu la volkano laini kama unga, halafu barabara ina matuta madogo madogo yanayolegeza kila nati. Hiyo ndiyo hewa unayoiingiza kwenye pistoni.

Na wale wanaolalamika gari haivuti ikifika juu kreta ya Ngorongoro, pale ni kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa imepungua karibu robo, injini isiyo na tabo lazima ichoke. Hakuna filta duniani itakayokurudishia hiyo hewa, dawa yake ni tabo, na tabo ni mradi mwingine kabisa wenye gharama zake.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia kinachostahili hela yako kwanza.

Namba moja, na sioni cha kushindana nayo, ni filta ya karatasi orijino au ya kampuni inayoeleweka kama Donaldson, Mann, Sakura au Denso, pamoja na kuhakikisha njia nzima kuanzia kasha la filta mpaka kwenye injini imebana. Najua haivutii, huwezi kumfungulia mtu boneti umuonyeshe. Lakini injini nyingi zinazokufa kwa vumbi hazikufa kwa sababu filta ilikuwa ya kawaida, zimekufa kwa sababu vumbi lilipita pembeni ya filta. Filta feki utaijua ukiishika: mpira wa kuzibia ni mgumu kama plastiki au umebandikwa ukiwa umepinda, mikunjo ya karatasi haijapangwa sawa, mingine imebanana mingine ina uwazi, na bati la kichwani ukilibonyeza kidole linaingia. Ukiwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi usione haya kufungua boksi pale pale kaunta, ingiza tochi ya simu katikati uangalie kwa nje ukizungusha taratibu, mwanga unatakiwa uonekane hafifu na sawa kote, ukiona nukta inayong'aa kuliko wenzake hiyo ni tundu, irudishe.

Kipimo cha kubana hakina gharama. Chomoa hosi inayotoka kwenye filta kwenda kwenye injini au tabo, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, futa ndani. Kikitoka safi uko vizuri. Kikitoka na vumbi jekundu au la kijivu, hata kidogo, basi kuna mahali hewa chafu inaingia, na hilo vumbi likichanganyika na oili ndani ya silinda linakuwa msasa, ringi zinakwisha, gari inaanza kula oili, starta inazunguka muda mrefu asubuhi, na kama kuna tabo mapanga yake yanalika taratibu. Angalia klempu zote, angalia hosi kwenye mikunjo ambako hupasuka kwa chini usikokuona, angalia na ule mdomo wa mpira ulio chini ya kasha, kazi yake ni kutema vumbi na maji. Ule mdomo ukidondoka njiani watu hawaujali kabisa, kumbe limebaki tundu linalovuta vumbi la matairi moja kwa moja mpaka kwenye filta.

Halafu tuache kuosha filta za karatasi kwa maji na sabuni, na tuache kuigonga kwenye tairi. Ukiigonga unapinda kile kichwa kinachoziba. Ukilazimika kupuliza ukiwa porini, puliza kutoka ndani kwenda nje, presha ndogo, kwa mbali, ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi lizame kwenye karatasi na kompresa ya fundi wa tairi ikiwa karibu inatoboa. Ukifika mjini weka mpya.

Namba mbili ni geji ya kuonyesha filta imeziba. Hiki ni kidude kidogo kinachofungwa kwenye bomba baada ya filta, kina dirisha la plastiki, filta ikianza kuziba rangi inapanda, na kwenye dizeli nyingi za kazi ikifika kwenye inchi 25 za maji (kipimo cha jinsi injini inavyovuta kwa shida) ndiyo muda wa kubadilisha. Malori mengi yanakuja nayo, pickup nyingi hazina. Faida yake ni kwamba huguswi na tamaa ya kufungua kasha kila baada ya safari kuangalia, maana kila ukifungua unadondosha vumbi kidogo upande msafi, na filta ya karatasi iliyoanza kuchafuka kidogo inachuja vizuri zaidi kuliko mpya kwa sababu lile vumbi la juu linasaidia kukamata jingine. Kwa bei yake hakuna kitu kingine kwenye intake kinachokulipa haraka hivi.

Namba tatu, snokeli, lile bomba la kuvuta hewa linalopanda kutoka kwenye fenda mpaka usawa wa paa, lakini hapa inategemea unaendea wapi. Wengi wanaichukulia ni ya kuvukia mito, kwangu faida ya kila siku ni vumbi, hewa ya usawa wa paa ina vumbi kidogo kuliko ya usawa wa fenda hasa mkiwa kwenye msafara. Kwa anayeshinda Serengeti, Amboseli au huko Turkana, weka. Kwa anayezunguka Dar na lami ya Morogoro, hiyo hela peleka kwenye matairi. Shida kubwa ni kwamba zimejaa snokeli za urembo, viungio vyake havijazibwa, kwa nje gari imekaa kikazi kweli ila kwa ndani ya fenda inavuta hewa ya pale pale chini. Kipimo chake: gari ikiwa imewashwa na imesimama bila kukanyagwa mafuta, ziba mdomo wa juu kwa kiganja, injini inatakiwa ikabwe na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuunguruma kama kawaida basi hiyo ni pambo, na mtoni itakuua injini, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa, yakiingia silinda kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Kama unatembea vumbini sana, badala ya kile kichwa cha kawaida cha juu ya snokeli unaweza kuweka lile bakuli la plastiki linaloizungusha hewa, vumbi zito linatupwa pembeni kabla halijafika kwenye filta. Trekta na mitambo ya migodini zimelitumia miaka mingi. Filta itadumu muda mrefu zaidi, ila hakikisha saizi inaendana na injini, dogo sana linakaba.

Namba nne ni filta ya pamba yenye oili, ile ya kuosha na kurudisha, K&N na wenzake. Simkatazi mtu anayetembea lami. Kwa njia ya vumbi mimi siweki, na sababu ni hesabu tu: kuna jaribio la Marekani lililofanywa kwa kipimo cha ISO 5011, kile cha kimataifa cha kupima filta za hewa, kwenye filta za Duramax, injini ya dizeli ya pickup za Chevrolet na GMC, ya karatasi ya AC Delco ilizuia asilimia 99.93 ya vumbi, ya K&N 96.80. Ukisoma haraka unaona zimelingana, sasa geuza uangalie kilichopita: 0.07 dhidi ya 3.20, hiyo ni zaidi ya mara arobaini. Pia akiiosha fundi akaimwagia oili nyingi, ile oili inaweza kwenda kukaa kwenye sensa ya hewa ya Hilux za D-4D, zile dizeli za kompyuta, na gari ikaanza kukosa nguvu, yaani ulitafuta nguvu ukaipunguza.

Ya mwisho kabisa ni seti ya koni, yaani filta yenye umbo la koni, na bomba la alumini, iliyo wazi ndani ya boneti. Hilux inatoka kiwandani ikiwa na kasha lililofungwa linalovuta hewa ya nje kupitia fenda, wewe unalitoa uweke koni inayovuta hewa ya moto ya juu ya injini, hewa ya moto imepanuka, ina oksijeni kidogo. Kinachowadanganya watu ni sauti. Tabo inasikika ikipiga mluzi, ukikanyaga inanguruma, masikio yanasema gari imechangamka, ila panda mlima uliouzoea na mzigo uleule uangalie unapanda kwa gia ya ngapi.

Zile seti zilitengenezwa kwa pickup za Ram zenye injini ya Cummins na wenzake huko Marekani, ambako mwenye gari ameshabadilisha programu ya kompyuta, ameongeza mafuta na tabo kubwa, hapo kweli njia ya kiwandani inaanza kuwa nyembamba. Na kwetu ni hivyo hivyo, umeifungia 1HZ tabo au umefungua pampu ili itoe mafuta zaidi, kaa na fundi mzungumzie intake kubwa, na hata hapo dai kasha lililofungwa lenye filta ya karatasi ya saizi kubwa, siyo koni.

Wenye Canter, Isuzu na malori makubwa msinunue chochote kati ya hivyo vya urembo, bomba lenu tayari liko juu nyuma ya kichwa. Kwenye malori mengi ya kichwa cha kuinua kuna mpira wa mikunjo unaounganisha bomba la kichwa na la chesesi, kila ukiinua kichwa ule mpira unaachia na kukaa tena, ukichakaa au ukikaa vibaya lori linavuta hewa ya nyuma ya tairi la mbele na dereva hajui. Yale yenye filta mbili, kubwa na ile nyembamba ya ndani, ya ndani isitolewe kupulizwa kabisa, inabadilishwa tu, mara nyingi kila ya kubwa ikibadilishwa mara tatu, na siku unayoibadilisha futa kwanza kasha kwa kitambaa chenye unyevu kabla hujaichomoa.