Muziki wa simu kwenye redio ya trela: kilichonisaidia mimi

Naendesha trela kati ya Dar na Tunduma, nyumbani Mbeya. Ukishapita Ruaha Mbuyuni ukaanza kuipanda Kitonga na mzigo kamili, gari linakwenda mwendo wa mtu wa miguu, na muziki ndio mwenzako wa kupandia mlima. Mimi ni mtu wa zilipendwa. Nataka nisikie gitaa la solo na la rithimu kila moja na njia yake, besi itembee chini bila kummeza mwimbaji. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nasikia uji tu, nikajua spika zimekufa.

Nilikuwa natumia modyuleta, kile kidude unachochomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachukua wimbo kwenye simu kwa bluetooth kisha kinaurusha kwa FM redio iudake. Nilikinunua stendi kwa shilingi 15,000. Kwa safari za mjini sikilaumu sana, ila kwa njia yetu kinachosha. Masafa ya FM ni kati ya megahertz 87.5 na 108, na kila mji una redio zake humo humo. Unatafuta nafasi tupu Mafinga, ukifika Makambako imeshakaliwa, wimbo unachanganyika na matangazo ya vifo. Uyole ndiyo usiseme. Ajabu ni kwamba bondeni kule Kitonga, ambako redio nyingi hazifiki, kilipiga vizuri kuliko kokote. Na hata kikipata nafasi safi, FM yenyewe inakata sauti zote za juu ya hertz 15,000, na hivi vya bei rahisi vinapunguza zaidi na kuongeza mvumo wao. Matoazi na makali ya nyuzi yanaishia humo.

Mwezi wa nne nikampelekea fundi mmoja Mwanjelwa anibadilishie spika. Akazigonga, akazisikiliza, akasema, "Kaka, spika zako nzima. Mbona hutumii tundu hili?" Chini ya kifuniko kidogo cha mpira mbele ya redio kulikuwa na tundu la AUX, la kuingizia sauti kwa waya. Akachomeka waya wa shilingi 5,000, mwisho wa pili kwenye simu, akaweka wimbo ule ule niliokuwa nausikiliza nikija. Nilisikia gitaa la pili ambalo sikujua lipo. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kutoka moyoni, nikaondoka.

Furaha iliishia Mbalizi. Nimeweka simu kwenye chaji, kukawa na mlio mwembamba, ngwiiii, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Nikasimama pembeni nikampigia fundi. Akauliza simu iko kwenye chaji? Nikasema ndiyo. "Chomoa chaja kwanza, halafu uniambie." Nikachomoa, kimya. Akanieleza kwamba simu na redio zikila umeme wa gari moja na zikaunganishwa tena kwa waya wa sauti, ethi, yaani upande wa hasi wa umeme, zinakutana kwa njia mbili, na kelele za alteneta, ile inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, zinapita humo kwenye waya wa muziki. Ndiyo maana mlio unafuata injini.

Dawa yake ni kiboksi kidogo, kinatosha kiganjani, kina tundu upande mmoja na waya upande wa pili. Mafundi wanakiita kichuja kelele. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo, ya kulia na ya kushoto. Sauti inavuka kwa usumaku, nyaya zenyewe hazigusani, kwa hiyo ile njia ya pili ya ethi inakatika. Nimekilipia 12,000 na ndicho kitu ninachokisifia kuliko vyote hapa. Tangu nikiweke nachaji simu na kusikiliza kwa pamoja, na mlio haujarudi. Kasoro ninayoiona ni besi: imepungua kidogo, ile ya chini kabisa. Nimeongeza pointi mbili za besi kwenye redio nikaridhika.

Kwa wenzangu wa magari makubwa, jambo hili nalisema kwa msisitizo. Gari zetu ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Ukiwa na redio ya volti 12, usikubali fundi aiunganishe kwenye betri moja. Redio italia, lakini betri ile itachoka na ya pili itazidishiwa chaji, mwisho utanunua zote mbili. Dai konveta ya kushusha 24 kwenda 12, na uchukue nzuri, kwa sababu mbovu nayo inaleta kelele zake ambazo kichuja hakitazitoa zote.

Sauti ya simu naiweka karibu na mwisho bila kuimaliza, kisha naongezea kwenye redio. Simu ikiwa chini na redio juu unapandisha na mvumo. Simu ikifika mwisho, kwa simu yangu inapasuka. Ikwalaiza ya simu, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, nimeizima, narekebisha upande mmoja tu.

Halafu nyimbo zenyewe. Nyingi nilikuwa nimerushiwa na tandiboi wangu, wimbo wa dakika 5 una MB 2 na kitu. Kwenye modyuleta hukuweza kujua, kwenye waya zinajianika: sauti za juu zinalia kama maji. Wimbo wa muda huo ukiwa wa kbps 320, yaani haujabanwa sana, unakula MB 12. Nimefuta zaidi ya nusu ya nilizokuwa nazo na nazipata upya moja moja. Zile zilizonakiliwa kutoka kwenye kaseti zitabaki na vumbi lake, na hizo nazipenda hivyo hivyo.

Simu mpya zisizo na tundu la earphone zinahitaji kiunganishi cha kuchomeka pale pa chaji, na hapo inabidi utafute chenye matundu mawili kama unataka kuchaji. Mimi bado nina simu ya zamani. Waya wa kwanza ulikatika shingoni baada ya miezi mitatu kwa kuning'inia na kutikisika. Huu wa sasa nimeufunga kwa utepe wa gundi wa karatasi kwenye dashibodi, simu imelala karibu yake, na umeshakwenda Tunduma mara saba.